Mheshimiwa, hizi wati 2000 za spika za gitaa nani alizipima?

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi wa Viwango,

Yah: Wati zinazoandikwa kwenye makabati ya spika za gitaa yenye amplifaya ndani

Shikamoo mheshimiwa. Najua mezani kwako kuna mambo mazito, madawa, matairi, nyaya za umeme, na mtu akija na habari za spika za gitaa unaweza ukacheka, ila naomba unisikilize kidogo maana huku watu wanaliwa hela kweupe na hakuna sheria inayovunjwa, na hiyo ndo inauma zaidi.

Iko hivi. Siku hizi wapiga gitaa wengi wameachana na zile ampu (amplifaya za gitaa) nzito za valvu, za mirija ya kioo, mtu ana pedali yake ya kidijitali inayoiga ampu yoyote anayotaka, kilichobaki ni kitu cha kutoa hiyo sauti nje. Ndo yakaja haya makabati, spika ya inchi 12 au hata 8, twita yake (spika ndogo ya sauti kali za juu), amplifaya ya klasi D, ile aina nyepesi isiyopoteza umeme mwingi, imefichwa nyuma, na kwenye boksi maandishi makubwa kabisa: WATI 2000. Inchi nane, wati elfu mbili! Jamani.

Birika la umeme la wati 2000 linavuta karibu ampea 9 kwenye volti 230 muda wote linapochemsha. Sasa geuza kabati uangalie nyuma, pale chini ya swichi, yapo niliyoyaona yana fyuzi ya ampea 3. Tatu mara 230 ni wati 690, na hapo nimeihesabu amplifaya kama haipotezi hata chembe. Sitaki kuonea mtu, fyuzi ya polepole inavumilia mshtuko mfupi, kapasita za ndani zinazohifadhi umeme nazo zina akiba yake, na hata zile wati za matumizi zinazoandikwa kwenye kibao cha nyuma huwa zinapimwa amplifaya ikitoa sehemu moja tu ya nane ya nguvu yake, ndivyo vipimo vya usalama vinavyotaka. Kwahiyo hiyo hesabu sio ushahidi wa mahakamani. Lakini mtu mzima ukiiona lazima ujiulize hizo elfu mbili zinapita wapi.

Zinapita kwenye karatasi, mheshimiwa. Unaanza na wati 500 za mfululizo, yaani zinazoweza kutoka bila kukatika, tena hizo 500 mara nyingi ni amplifaya ya wufa (ile spika kubwa) na ya twita zimejumlishwa. Unazidisha mara mbili unaziita wati za "programu". Unazidisha tena mara mbili unaziita "piki", yaani za kilele cha kufumba na kufumbua. Tayari, 2000, na neno piki linaandikwa kwa herufi za sisimizi kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kama limeandikwa kabisa. Na hiyo ya kujumlisha twita ndo inanichekesha kuliko zote, maana waya mnene wa gitaa unaanzia kama hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), na spika za gitaa zile za kawaida juu zinaanza kukata kwenye hezi 5000 hivi, sasa ukishaiga sauti hiyo twita inabaki na kazi gani ya maana? Ila wati zake umelipia.

Halafu hata zingekuwa za kweli bado zisingekwambia sauti itakuwa kubwa kiasi gani, na hapa ndo wanunuzi wanapopotea kabisa. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 basi, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa chukua spika ya gitaa ya kizamani inayotoa desibeli 100 kwa wati moja ukiwa mita moja, zipo nyingi za hivyo, uiwekee ampu ya valvu ya wati 50, unafika 117. Chukua kabati la kisasa ambalo spika yake inatoa 94 kwa wati hiyo hiyo moja, ili lifike hapo hapo linataka wati 200 za kweli, za mfululizo, sio za kupepesa jicho. Na ampu ya valvu ukiisukuma mpaka ikoromee inavuka hizo 50 zake. Ndo maana unamkuta mtu na wati 2000 zake anamezwa na ampu ya 50 anabaki anashangaa.

Nimeliona hili mazoezini kwa jamaa yangu mmoja. Dramu zimeanza, kapandisha volyumu, taa nyekundu ya limita, ile inayozuia sauti isipite kiwango, ikawaka na haikuzima, sauti haiongezeki tena ila inabanwa tu, waya za chini zikapotea kabisa ukabaki unasikia mlio wa katikati kama wa simu. Kadri muda ulivyoenda ikazidi kunywea, maana koili ya waya ndani ya spika ikipata moto ukinzani unapanda na wati zinazoingia zinapungua. Dukani alijaribu peke yake chumba kidogo, ikanguruma vizuri tu.

Na hizi "desibeli 130 maksimamu" zinazoandikwa pembeni usidhani kuna mtu aliweka maikrofoni, mara nyingi ni zile wati za piki zimeingizwa kwenye fomula basi.

Mchezo huu ni wa zamani. Marekani walishaukuta kwenye redio za muziki za nyumbani, tume yao ya biashara FTC ikaweka kanuni mwaka 1974, ukitaka kutangaza wati lazima useme za mfululizo, kwa ukinzani gani, na mkwaruzo (sauti kuharibika) asilimia ngapi. Mwaka 2024 wakaikaza tena. Tatizo inahusu vifaa vya burudani ya nyumbani, ampu za gitaa zimebaki nje. Na namna ya kupima ipo siku nyingi, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya sauti, IEC 60268, kinaeleza amplifaya na spika zipimweje, ila hakuna anayemlazimisha mtengenezaji aseme ametumia kipimo gani.

Kwahiyo ninachoomba sio maabara mpya. Mbele ya boksi ikae namba moja, wati za mfululizo, wufa peke yake na twita peke yake, na mkwaruzo wake na muda waliopimia. Piki kama wanaipenda sana waiweke, ila isiwe na herufi kubwa kuliko hiyo. Na desibeli za mita moja zilizopimwa kwa maikrofoni, kabati likiwa limeshapiga nusu saa kwa nguvu, sio dakika ya kwanza likiwa bado baridi. Asiyetaka kuandika hayo asiruhusiwe kuandika wati zozote.

Nasubiri majibu mheshimiwa, hata ya mistari miwili.

Mpiga gitaa