Tupumzike mpaka lini?

Mhariri,

Juzi ukurasa wenu wa afya uliwashauri walionusurika mshtuko wa moyo "wapumzike vya kutosha". Neno hilo nalijua. Nilitoka nalo hospitalini pamoja na mfuko wa dawa, na kwa wiki tatu likanigeuza gogo. Binti yangu akisikia tu kiti kimesogea, huyo mlangoni: "Baba, keti! Unataka nini nikuletee?" Nikaletewa hata maji yaliyokuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Siku niliyojikongoja kwenda kuoga, miguu ikatetemeka, nami nikaapa ni moyo tena. Kumbe misuli ilikuwa imelegea kwa kukaa.

Ushauri huo ni wa kale. Zamani mgonjwa wa moyo alilazwa chali hadi wiki sita, na damu ikamgandia miguuni. Mwaka 1952 madaktari Samuel Levine na Bernard Lown waliandika kuhusu kuwatoa wagonjwa kitandani na kuwakalisha kitini mapema. Rais Eisenhower wa Marekani alipata mshtuko Septemba 1955. Mwaka uliofuata aligombea tena, akashinda. Sisi bado tunaambiwa tulale.

Mimi niliokolewa na daktari mwingine. Alinipima, akaniruhusu dakika tano za kutembea kwenye tambarare, mara mbili kwa siku, nikiongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku chache. Mwanzoni nilishika mapigo kwenye kifundo cha mkono na kujisifu kwamba yako chini. Akacheka: moja ya dawa zangu ndiyo inayoyapunguza, kwa hiyo hesabu ile hainiambii kitu. Kipimo ni mdomo. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni huo huo. Basi nasalimia kila ninayepishana naye, na majirani wanadhani ugonjwa umenifanya mchangamfu.

Nimekosea pia. Siku moja nilitoka kwenye mwendo wa haraka nikasimama ghafla, kizunguzungu kikanipeleka ukutani. Nilikuwa sijui kwamba miguu ikisimama ghafla, damu hutuama huko chini. Sasa dakika 10 za mwisho najivuta kama niliyechelewa makusudi. Na kifua kikibana, au maumivu yakipanda tayani ama kushuka mkononi, naketi, naweka dawa niliyoandikiwa chini ya ulimi. Yasipotulia ndani ya dakika 5 tunapiga simu ya dharura. Hapo hakuna ushujaa.

Kwa hiyo, Mhariri, mkiandika tena mtutajie dakika: tuanze na ngapi, tuongeze lini, tuache tukiona nini. Na hospitali ziyaandike hayo kwenye karatasi ya kuruhusiwa, chini ya orodha ya vidonge. Nafasi ipo. Yangu ninayo hapa, nusu ukurasa mtupu.

Msomaji wenu