Ninga wa Pemba naye ni urithi wa Tanzania

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaoishi kwa utalii hapa Arusha na Moshi, hasa wale wanaowafundisha vijana kazi ya kuongoza wageni. Vijana hao hujifunza habari za tembo, faru na simba kwa umakini unaostahili, lakini ni wachache mno wanaohitimu wakijua kwamba nchi yetu ina njiwa mla matunda asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Huyo ni ninga wa Pemba.

Ninga wa huku bara, tunayemwona kwenye mikuyu iliyozaa, ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Wa Pemba ni spishi nyingine, iliyoelezwa kitaalamu na Pakenham mwaka 1940. Ukijani wake umeingiwa na kijivu, na makazi yake yote ni kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000. Sehemu kubwa ya misitu ya kisiwa hicho ilifyekwa tangu karne ya 19 kupisha mikarafuu, na msitu wa Ngezi uliosalia kaskazini una hekta zipatazo 1,440 tu. Ni kweli kwamba ninga huyu hula pia kwenye miti mikubwa ya mashambani, na kwa sababu hiyo kila mkuyu unaokatwa Pemba unampunguzia riziki, lakini huko huko mashambani ndiko anakowindwa kwa kitoweo.

Anayedhani ninatia chumvi na atazame Rapa, kisiwa cha mbali cha Polinesia ya Kifaransa chenye takriban kilomita za mraba 40. Njiwa mla matunda wa huko, ambaye naye hana kwingine, alikadiriwa kubaki na ndege 274 mwaka 1989 hadi 1990, baada ya moto, mbuzi na mipera ya kigeni kuula msitu wake. Dodo wa Mauritius, aliyekuwa wa jamii hiyo hiyo ya njiwa, alitoweka katika karne ya 17, muda mfupi tu baada ya Waholanzi kutia nanga mwaka 1598.

Pemba yenyewe imeshaonyesha kwamba kumwokoa mnyama wa kisiwani kunawezekana. Popo wa Pemba, aliyehofiwa kutoweka, aliongezeka tena wanavijiji walipoamua kumlinda wenyewe, na leo wageni hulipa kwenda kumwona huko Kidike, kisiwani humo.

Wageni wetu wengi wakishuka Kilimanjaro au wakitoka Serengeti huelekea Unguja, na hakuna anayewaambia kuhusu Ngezi. Ninaviomba vyuo vyetu viwaingize ndege wa visiwani katika masomo ya vijana hawa, na ninaziomba kampuni za utalii ziweke Pemba katika ratiba wanazowapa wageni kabla hawajasafiri, ili fedha ya mgeni imfikie mwanakijiji anayeuacha mkuyu wake usimame.

Mwongoza watalii,
Moshi