Risala ya wanafunzi wa klabu ya historia Makunduchi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, asalam aleikum.

Karibu sana Makunduchi, na tunashkuru umekuja siku ya kawaida, mana wageni wengi tunawapata mwezi wa saba tu kwenye Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, wanatazama watu wakipigana kwa migomba, wanapiga picha kibanda cha makuti kikiungua, jioni magari yote yanarudi mjini. Mwaka wetu tunaupenda khasa, pale ndo mtu anatoa kinyongo chake chote, lakini Makunduchi ina mengi zaidi ya siku ile.

Sisi tumeanza kuwafata wazee majumbani kwao. Bibi mmoja wa Kajengwa katueleza habari za makumbi ya nazi, yanafukiwa pwani miezi na miezi mpaka yaoze, wanayafukua, wanayapura kwa kigongo mpaka usumba utoke, ndo wanasokota kamba, na kwa kamba hizo kasomesha watoto wake wote. Kilimo cha mwani kimekuja nyuma, kilianzia Paje na Jambiani mwaka 1989, na sasa mama zetu wengi wamo, ingawa bahari imekuwa ya moto na ile kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inakufa. Hata haya maghorofa uloyapita njiani, yalojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wapo wazee wanaokumbuka siku ya mwanzo kulala juu ya kichwa cha jirani.

Mheshimiwa, tabu yetu ni hii. Tunaandika kwenye daftari, tukisoma tunaona tumeandika Kiswahili cha skuli, sio alivosema bibi. BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, washatoa kamusi ya Kimakunduchi, lahaja yetu, na tunaithamini sana, ila kamusi haina sauti. Kuna mzee tulipanga tumrudie Ijumaa atumalizie habari za ngalawa, akafariki Jumatano, tunazo kurasa mbili tu zake, Mungu amrehemu.

Kwa hivo tunaomba vinasa sauti viwili, kompyuta moja ya kuhifadhia na kabati lenye kufuli. Chumba mwalimu mkuu keshatupa, kile cha pembeni ya stoo. Nauli hatuombi, wazee wote tunawafikia kwa miguu.

Bibi wa Kajengwa yupo hapa safu ya mbele, baada ya shughuli tunakuomba ukae nae japo dakika kumi.

Ahsante sana.

Ni sisi wanafunzi wa klabu ya historia.