Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: mkeka wa uteuzi unatumaliza

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Iringa, mkoa ambako mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini, pale Nyololo, tarehe 2 Septemba 2012. Enzi zile mwandishi akipita stendi, watu walimvuta pembeni wampe habari. Juzi nilisimama kwenye meza ya magazeti jirani na soko. Kijana mmoja akasoma kichwa cha makala ya mwandishi wa siasa anayejulikana nchi nzima, akamwambia mwenzake: "Huyu naye anatafuta u-DC," yaani ukuu wa wilaya. Wakacheka, wakaondoka bila kununua. Mimi nilibaki nimeinama. Kazi hiyo nimeifanya miaka 19.

Mwanahabari kuingia kwenye uongozi si jambo geni. Mzee Mkapa alihariri The Nationalist, Uhuru na Daily News kabla ya kuwa katibu wa habari wa Mwalimu mwaka 1974. Salva Rweyemamu alitoka chumba cha habari akaenda Ikulu ya Kikwete. Hata upinzani walichukua wao: Saed Kubenea, aliyemwagiwa tindikali mwaka 2008 akiwa gazeti la MwanaHalisi, aliingia bungeni mwaka 2015 kwa tiketi ya Chadema. Simlaumu hata mmoja. Ninachokililia ni mwandishi wa leo anayeandika huku anausubiri mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa na Rais. Kila mkeka ukitoka na jina la mwenzetu, msomaji anakumbuka sifa zote alizomwaga mwaka mzima, na sisi tuliobaki tunaitwa chawa, wasifiaji wa wakubwa, kwa jumla.

Ila njaa nayo ina sehemu yake, na hapa nijisemee mwenyewe. Gazeti nililoandikia lilinilipa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nauli ya Makete imeliwa na barabara. Mkutano na waandishi ukiisha unapita mezani, unasaini karatasi ya posho, unapewa bahasha ya kaki. Nilisaini. Mara ya kwanza mtoto alikuwa na homa, na ndani mlikuwa na noti mbili za elfu kumi. Usiku nikakaa kuandika. Mchana nilikuwa nimemuuliza mkubwa aliyeitisha mkutano zilikokwenda fedha za mradi wa maji, naye akajibu kwa kuzungukazunguka. Sehemu ile yote nikaiacha. Hakuna aliyenipigia simu kunikataza. Niliiacha mwenyewe, na hadi leo wanakijiji wa mradi ule hawajaisoma popote.

Waliokataa bahasha nao hawakusalimika. Mwaka 2017 magazeti ya Mawio na MwanaHalisi yalifungiwa miezi 24 kila moja. Mwaka 2020 Tanzania Daima likanyang'anywa leseni. Mwaka huohuo wa 2017, mwezi Novemba, mwandishi Azory Gwanda alitoweka Kibiti. Leseni zilirudishwa Februari 2022, tukashukuru, lakini mwandishi aliyekaa karibu miaka mitano bila gazeti ameshatafuta pa kulia ugali. Baadhi ya niliowafahamu wanalima parachichi Njombe.

Ninachoomba ni haya, Mheshimiwa. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwenye chombo awawekee bima na hifadhi ya jamii wanaomfanyia kazi. Bodi ya Ithibati ya waandishi wa habari inatudai stashahada ndipo itupe kitambulisho cha kazi. Basi wizara yako nayo imdai mwenye gazeti mikataba ya waandishi wake, wa mikoani kwanza, kabla ya kumwongezea leseni. Pia utufikishie ombi kwa mamlaka ya uteuzi: mwandishi wa siasa asiteuliwe kabla ya miaka miwili kupita tangu aweke kalamu chini.

Ukija Iringa kwa ziara utawakuta vijana watatu wanaoandika siasa hapa. Hakuna mwenye mkataba. Tafadhali waulize habari zao kabla hawajapelekewa karatasi ya kusaini.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa zamani wa mkoani, Iringa