Ya Wangari ilikuwa tuzo ya amani, si ya miti

Kwa Mhariri,

Juma lililopita msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba marehemu Profesa Wangari Maathai, Mkenya mwenzetu aliyeongoza akina mama kupanda miti, alistahili tuzo ya mazingira, lakini ile ya amani ya Nobel ingeachiwa wanaosimamisha vita: marais, wapatanishi, makamanda wanaokubali kuweka silaha chini. Nimeisoma barua yake mara mbili. Ameandika kwa adabu, na hoja yake si ngeni. Mwaka 2004, Wangari alipoipata tuzo hiyo, hata kule Norwe walikuwapo wanasiasa waliouliza miti inahusianaje na amani. Mimi nauza miche hapa Njoro. Swali hilo nimeishi nalo, kwa hiyo naomba nafasi.

Tuzo hii ilizaliwa kwenye wosia, na wosia ndio wa kusomwa kwanza. Alfred Nobel alikuwa mkemia wa Uswidi. Mwaka 1864 mlipuko katika kiwanda cha familia yake mjini Stockholm ulimuua mdogo wake, Emil. Miaka 3 baadaye akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya baruti kali, dinamiti, iliyomtajirisha. Hakuoa, hakuacha mtoto. Tarehe 27 Novemba 1895, akiwa Paris, alitia sahihi wosia ulioifanya karibu mali yake yote kuwa mtaji wa tuzo 5. Akafariki Desemba 10 mwaka uliofuata, na hadi leo tuzo hutolewa tarehe hiyo. Nne alizikabidhi taasisi za Uswidi, ya amani akaiweka mikononi mwa kamati ya watu 5 wanaochaguliwa na Bunge la Norwe. Baadhi ya jamaa zake waliupinga wosia huo, na tuzo za kwanza zikatoka mwaka 1901.

Wosia unataka tuzo ya amani apewe aliyefanya kazi kubwa au bora kuliko wote kwa ajili ya udugu baina ya mataifa, kufuta au kupunguza majeshi, na kuendeleza makongamano ya amani. Hapo nakubaliana na msomaji mwenzangu: miti haikutajwa.

Lakini aangalie waliopewa mwaka ule wa kwanza. Tuzo iligawanywa kwa wawili. Frédéric Passy, Mfaransa, alikuwa mtu wa makongamano ya amani, sawasawa na wosia. Wa pili alikuwa Henry Dunant wa Uswisi, aliyefika Solferino, Italia, baada ya vita vya mwaka 1859 akakuta maelfu ya majeruhi wameachwa bila wa kuwafunga vidonda, akapiga kelele hadi Msalaba Mwekundu ukaanzishwa. Dunant hakupunguza jeshi hata moja. Wapo waliolalamika tangu wakati ule. Kisha tuzo ya mwaka 1960 ikaenda kwa Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kuipata, naye alikuwa akidai haki dhidi ya serikali ya nchi yake mwenyewe. Kwa hiyo kamati haikuanza kuupanua wosia siku ilipofika kwa Wangari. Imekuwa ikiusoma jinsi mzee wa ukoo anavyoyasoma maneno ya marehemu: haishii kwenye neno, anauliza mwenyewe alitaka nini.

Naye Wangari hakuitwa Oslo, Norwe, kupokea tuzo kwa hesabu ya miche. Kamati ilitaja mchango wake kwa maendeleo endelevu, demokrasia na amani. Mwaka 1989 alianza kupigania bustani ya Uhuru jijini Nairobi isijengwe ghorofa, mwaka 1999 akapigwa hadi damu akitetea msitu wa Karura. Na sisi wa Bonde la Ufa tusisahau kwamba wakati wa mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini alikuja huku, serikali ikimzuia, akakaa na waliochomewa nyumba, na vuguvugu lake la kupanda miti, Green Belt, likapanda miti ya amani kati ya jamii zilizokosana. Jambo hilo alilitaja mwenyewe katika hotuba yake ya Oslo. Alieleza pia fimbo ya mti wa thigi ambayo wazee wa Kikuyu waliiweka kati ya wanaogombana, ugomvi ukakoma.

Sasa nirudi kwangu. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, familia yangu ililala kwenye uwanja wa kanisa. Tarehe 28 Februari redio ilipotangaza kwamba mkataba wa kumaliza ghasia hizo umetiwa sahihi mbele ya mpatanishi Kofi Annan, ambaye mwenyewe aliipata tuzo hiyo mwaka 2001 pamoja na Umoja wa Mataifa, nililia kwa furaha. Sidharau mikataba, ilituokoa. Ila mkataba ule haukusema ni nani atakayechota maji kwanza katika kijito kinachotenganisha shamba letu na la majirani wa ng'ambo. Kiangazi kikifika wenzetu walikuwa na pampu juu, sisi tulikuwa na mitungi chini, na kila upande ulikuwa na panga. Viazi vililimwa hadi ukingoni, pande zote mbili, na maji yalishuka mekundu kama chai ya rangi.

Asubuhi moja mzee wa ng'ambo alishuka hadi kwenye kitalu changu. Nilikuwa nimechuchumaa naatika miche kwenye paketi za maziwa, mikono ina tope. Alisimama kimya kwa muda, kisha akasema, "Mama, naomba mitarakwa arobaini." Akatoa pesa. Nilimwambia pesa aweke, ila mashimo tuchimbe pamoja. Siku ya tatu wanawe na wangu walikuwa kijitoni na majembe, na kabla ya jioni tulikuwa tumekubaliana viazi visogee hatua 10 kutoka kwenye maji, kwao na kwetu. Pampu ikapangiwa siku zake. Hatukwenda kwa chifu.

Mbuzi walikula minne, ukame ukaua miwili. Iliyobaki ni 34, na mingine sasa imenipita kimo. Msomaji mwenzangu akipita Njoro, karibu kitaluni. Nitampeleka kijitoni, na kama mzee yuko nyumbani tutamwita.

Mwenye kitalu cha miche,
Njoro, Kaunti ya Nakuru