Risiti imetoka, lakini je, mauzo yamefika kwenye diski?

Wateja wetu wa maduka ya dawa na vifaa vya ujenzi hutuuliza mara kwa mara: mbona mfumo wenu wa mauzo unasita kidogo mtu akibonyeza "Lipa", wakati ule wa duka la jirani unajibu papo hapo? Kusita huko tumekuweka kwa makusudi, na hatuko tayari kukuondoa.

Programu inapoandika kwenye faili, kwa kawaida haiandiki moja kwa moja kwenye diski. Inaikabidhi data keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, nayo keneli inaiweka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, na kujibu kuwa kazi imekwisha. Diski huandikiwa baadaye. Kwenye mfumo endeshi wa Linux wenye mipangilio ya kawaida, data inaweza kukaa humo sekunde 30 hivi kabla ya kupelekwa. Keneli haifanyi uzembe hapo: diski ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM, na kompyuta isingevumilika kama kila kitu kingesubiri diski. Ila umeme ukikatika au luku ikiisha ndani ya sekunde hizo, kilichokuwa kwenye RAM kimepotea.

Dukani inakuwa hivi. Mteja amelipa, risiti namba 418 imetoka, ameondoka na dawa yake. Umeme unakatika. Ukirudi, mfumo unafunguka bila kulalamika, na mteja anayefuata anapewa risiti namba 418. Yale mauzo ya kwanza hayapo popote. Stoo kwenye kompyuta inaonyesha boksi ambalo kwenye rafu halipo, na boksi likikosekana anayeshukiwa kwanza ni muuzaji. Hili linatuuma kuliko hasara yenyewe, kwa sababu kijana anaweza kukatwa mshahara kwa kosa la mipangilio ya kompyuta.

Keneli ina wito wa kuzuia hali hiyo, unaoitwa fsync (Windows nayo ina wake wa aina hiyo). Programu ikiuita inasema: usinijibu mpaka data ya faili hili imefika kwenye diski. Keneli inasukuma vyote vilivyosubiri, inaiamuru diski nayo iandike ilichoshikilia kwenye kashe yake, yaani hifadhi yake ya muda, ndipo inajibu. Mfumo wetu unatumia SQLite, programu ya kutunza data ndani ya faili, nasi tumeuweka kwenye kiwango cha FULL: fsync kwanza, risiti baadaye. Siku ya kufunga mfumo tunafanya jaribio mbele ya mwenye duka. Anauza kitu, risiti ikitoka tu fundi anachomoa waya wa umeme, tunawasha tena na kuangalia kama mauzo hayo yamo. Muuzaji yeyote wa mfumo akikataa jaribio hilo, muulize sababu.

Gharama ya usalama huu ni muda. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 tu kwa sekunde, na fsync moja inaweza kula mzunguko mzima au zaidi. Ukiingiza bidhaa 5,000 moja moja, kila moja na fsync yake, unaweza kusubiri dakika nzima na ziada. Hapo ndipo mafundi wengine huzima fsync kabisa ili mteja afurahi. Njia sahihi ni kuziingiza bidhaa zote 5,000 ndani ya muamala mmoja, yaani fungu moja linalohifadhiwa kwa pamoja, fsync ikaitwa mwishoni. Kazi ileile inaisha kwa sekunde chache na hakuna usalama uliouzwa. UPS, kifaa cha umeme wa akiba, nunua pia, lakini betri yake huchoka, na haisaidii kompyuta ikiganda.

Mambo haya yamewasumbua hata mabingwa. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL, programu nyingine ya kutunza data, waligundua kwamba kwenye Linux, fsync ikishindwa kwa hitilafu ya diski, keneli iliweza kuihesabu data ile kama iliyokwisha kuandikwa. Programu ikijaribu tena inaambiwa mambo ni sawa, kumbe data haipo. Kuanzia toleo la 11.2, Februari 2019, PostgreSQL haijaribu tena: inajizima, kisha inajirekebisha kutoka kwenye kumbukumbu zake za miamala. Sisi tumefuata msimamo huohuo. Diski ikikataa, mfumo wetu unasimama na kuonyesha ujumbe mwekundu. Tafadhali usibonyeze tena na tena, tupigie.

Balaa jingine linatoka kwenye kufuli za faili. Duka likikua, inaongezwa kaunta ya pili, na fundi mwenye haraka anaweka faili la mauzo kwenye folda ya pamoja ili kompyuta zote mbili zilifungue. Wiki za mwanzo mambo yanakwenda. SQLite huzuia waandishi wawili wasigongane kwa kuiomba keneli kufuli. Kwenye kompyuta moja keneli ni moja na inajua nani ameshika nini. Kupitia mtandao keneli ni mbili, na watengenezaji wa SQLite wenyewe wanaonya kuwa kufuli za folda za mtandao mara nyingi zina kasoro. Kila kompyuta ikijiona ndiyo yenye zamu, zinaandikiana juu, na asubuhi moja mfumo unakataa kufunguka.

Tena kwenye Linux kufuli hizi ni za hiari. Ni kama kanga iliyotundikwa mlangoni pa bafu la uani: anayetazama atasubiri, asiyetazama ataingia tu. Kufuli za lazima zilikuwepo, zikaondolewa kwenye keneli ya 5.15 mwaka 2021. Programu ya kunakili mafaili ni mmoja wa wasiotazama. Ukinakili faili la mauzo kwenda kwenye flashi huku kaunta inauza, unaweza kupata nusu ya kabla na nusu ya baada. Na mfumo ukiwa kwenye mtindo wa WAL, mauzo mapya hukaa kwanza kwenye faili la pembeni ambalo jina lake linaishia na -wal. Ukichukua faili kuu peke yake, huenda umeacha mauzo ya leo. Tumia kitufe cha "Nakala" ndani ya mfumo, kwani kinapitia njia ya SQLite yenyewe na kuheshimu kufuli. Kisha iondoe flashi kwa utaratibu wa kompyuta, usiichomoe tu, maana hata hiyo nakala inaweza kuwa bado iko kwenye RAM.

Kama sasa hivi una kompyuta mbili zinazofungua faili moja kupitia folda ya pamoja, simamisha mauzo kwenye moja leo hii, chukua nakala kwa kitufe, kisha tuite tukuhamishie kwenye seva, ambako programu moja tu ndiyo inayogusa faili na kaunta zote zinapitia kwake.