Kwa mdogo wangu, kabla hujalipia fremu

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu: mara ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa wasiwasi, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Nakujibu hapa hadharani, bila kukutaja jina, kwa sababu uliyoniuliza wewe wameniuliza wengi mwaka huu, na nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Utanisamehe dada yako.

Unasema akiba imetosha, fremu ya duka umeipata, mchora vibao ameshakutajia bei yake, na kilichobaki ni baraka zangu tu uanze kushona na kuuza mabegi. Baraka unazo. Hela ya kodi ya fremu ndiyo nakuomba usiitoe kwanza.

Ngoja nikusimulie ya kwangu, maana wakati ule ulikuwa bado mdogo na nyumbani tulikuficha. Nilipofungua kile chumba cha ushonaji, nusu ya mtaji iliondoka kabla sijashona hata kifungo. Rangi ya ukuta, kaunta ya mbao, kioo kirefu cha mteja kujitazama, kibao chenye jina langu na picha ya mkasi. Nusu iliyobaki nikaibeba hadi kwa muuza vitambaa wa jumla. Akaniambia, ukichukua majora sita ya rangi moja nakupunguzia. Nikajiona mjanja. Kilikuwa kitambaa cha zambarau iliyokolea, kizuri kweli, na wateja watatu wakakipenda. Wateja watatu, basi. Kufika mwezi wa tatu jua la mlangoni lilikuwa limeanza kupausha mikunjo, ukilifungua jora unakuta mistari iliyofifia imepangana kama ya daftari. Akija mteja anayetaka kijani, sina pesa ya kununua kijani. Pesa yangu yote iko pale rafuni, imegeuka zambarau.

Watu walisema nimefunga kwa kukosa mtaji. Mtaji nilikuwa nao. Ulikuwa umelala.

Ndiyo maana swali lako la kwanza, "kiasi hiki kinatosha?", naliona limekaa upande. Niulize kwanza pesa ikitoka leo itarudi baada ya siku ngapi. Tufanye una 100. Ukinunua mali, ukaiuza kwa faida ya 30, lakini ikakuchukua mwezi mzima, mwisho wa mwezi umepata 30 juu ya 100 yako. Mwenzako ana 100 hiyohiyo, anaridhika na faida ya 10, ila mali yake inaisha kila wiki na anarudi kununua nyingine. Kwa wiki nne amepata 40. Ukimtazama kwa bei utamcheka kwamba anauza rahisi. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kungoja mwezi. Wewe na mimi kungoja kunatumaliza, kwa sababu wakati mali imelala, kodi ya chumba haijalala.

Kwa hiyo hilo punguzo la kununua kwa wingi lipime kwa siku. Turubai la mabegi kumi utakalolimaliza kwa wiki moja ni bora kuliko la mabegi mia lililopunguzwa bei. Utanunua ghali kidogo, sawa. Hiyo tofauti ihesabu kama bei ya kujifunza wateja wanataka rangi gani. Mimi ada yangu niliilipa kwa majora manne na nusu.

Hata hiyo nguvu ya pesa kidogo si maneno yangu ya kukutia moyo. Mwaka 1976, Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi huko Bangladesh, aliingia kijiji cha Jobra na kukuta watu 42 ambao madeni yao yote kwa pamoja hayakuzidi dola 27. Alikutana na mama mmoja aliyekuwa akitengeneza vigoda vya mianzi, na mianzi ya siku nzima ilimgharimu senti 22 tu za dola. Hizo senti hakuwa nazo. Alizikopa kwa mfanyabiashara, kwa sharti kwamba vigoda amuuzie mfanyabiashara huyohuyo kwa bei atakayopanga mfanyabiashara, na mkononi mwa mama zikabaki kama senti mbili. Yunus akatoa zile dola 27 mfukoni mwake, na huko ndiko ilikochipukia Grameen Bank, benki ya kuwakopesha maskini pesa kidogo, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wakiisimulia hadithi hii huishia kwenye Nobel. Mimi hunikaa yule mama. Ufundi anao, soko lipo, kazi anafanya kuanzia asubuhi hadi jioni, na bado faida inakwenda kwa mwingine kwa sababu ya masharti ya senti 22. Ukiletewa mali na mtu anayekwambia "chukua tu, utanilipa ukiuza", soma masharti kabla hujashukuru.

Na mkopo vilevile, kwa kuwa umegusia. Ukiambiwa riba ni 20 kwa 100 kwa mwaka, uliza inapigwa kwenye nini. Kuna wanaoipiga kwenye mkopo wote wa mwanzo, hata kama unaupunguza kila mwezi. Umekopa 1,000, utarudisha 1,200 kwa miezi 12, yaani 100 kila mwezi. Inasikika nyepesi. Lakini kufika katikati ya mwaka nusu ya deni umeshairudisha, na bado unalipia riba kana kwamba 1,000 nzima iko mkononi mwako. Ukiipiga kwenye deni linalobaki, riba hiyo ni karibu 35 kwa 100. Halafu rejesho la kwanza huja baada ya mwezi, na wewe hujui bado begi lako la kwanza litatoka lini. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopo ufuate wateja, usiwatangulie.

Sasa tuje kwenye madeni ya upande wa pili, ya wateja, ambayo ndiyo yaliyonimalizia kazi baada ya zambarau. Hapa nakujua wewe, una huruma na una aibu, na vyote viwili vinakula mtaji. Begi lililokugharimu 80 unaliuza 100. Akija rafiki akalichukua kwa "nitakuletea", asilete, utasema nimepoteza faida ya 20. Hapana, umepoteza 80 yako ya mfukoni, na ili uirudishe lazima uuze mabegi mengine manne, taslimu, ambayo hayatakuingizia chochote. Siku nne za kushona ni za yule rafiki. Hesabu hiihii ipige mtu akikuomba umpunguzie 10 tu. Kumi si sehemu ndogo ya 100, ni nusu ya faida yako.

Mimi nilikuwa na daftari la wadaiwa la jalada jekundu. Mwanzoni niliandika jina, nguo, kiasi na tarehe ya kulipa. Baadaye nikaacha tarehe. Mwishoni nikawa naandika jina tu, tena la utani, "mama wa gauni la bluu". Siku nilipofunga nilikuwa na ukurasa mzima wa watu nisioweza hata kuwatafuta.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliyechapisha maelezo ya uandishi wa hesabu za pande mbili, yaani kila pesa inaandikwa ilikotoka na ilikokwenda, huko Venice mwaka 1494, alidai mfanyabiashara anahitaji vitu vitatu: fedha, mtu hodari wa hesabu, na mpangilio. Kwako wewe, mhesabu hodari na mshonaji ni mtu mmoja, kwa hiyo fanya rahisi. Kila jioni andika kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa na lini. Dakika kumi. Pesa ya biashara ikae mahali pake, hata kama ni kopo, na ya kwako ikae mahali pengine. Jipangie ujira, hata mdogo wa kuchekesha, uuchukue siku moja kwa wiki. Siku nyingine zote hilo kopo si lako. Nakwambia hivi kwa kuwa mimi nilikuwa nikichota nauli, nachota vocha, nachota mchango wa msiba, halafu mwisho wa mwezi nashangaa faida imekwenda wapi wakati nimeila mwenyewe, na mtaji pia nimeumegamega.

Leseni na kodi ya serikali ulizia mapema ofisi zinazohusika, ujue gharama yake uiingize kwenye hesabu. Sina zaidi hapo.

Basi ningekuwa wewe ningefanyaje? Fremu ningeiacha. Ningeshona mabegi matatu kwa ubora wote nilionao, moja la shule, moja la safari, moja dogo la bega, nikatembea nayo. Kazini kwako watu wapo, kanisani wapo, kwenye basi wapo. Anayesema "zuri" mshukuru. Anayesema "nataka" mwambie atangulize nusu, utamletea Ijumaa. Hiyo nusu ndiyo inanunua turubai na zipu, ndipo utaona mteja mwenyewe anakukopesha mtaji bila riba. Ila Ijumaa ikisemwa iwe Ijumaa. Mafundi tuna jina baya kwa hili na tumejitakia.

Ukishapata wanaotanguliza pesa wiki baada ya wiki, ndipo uichukue ile kodi uigawe kwa faida ya begi moja. Kodi ikiwa 300 kwa mwezi na begi linakuachia 20, mabegi 15 ya kwanza ni ya mwenye nyumba, la 16 ndilo lako. Kama kwa sasa unauza 12 kwa mwezi, fremu hiyo bado si yako, hata iwe kwenye kona nzuri namna gani. Na kibao cha mkasi, nakuomba, kiwe cha mwisho kabisa.

Cherehani usinunue. Ile yangu ya zamani ipo stoo, nimeifunika kwa kipande cha zambarau. Mkanda umekatika na inahitaji mafuta, lakini inapitisha sindano kwenye turubai lililokunjwa mara nne bila kulalamika. Njoo uichukue Jumamosi. Utanilipa kidogo kidogo kwa miezi sita, kuanzia begi la kumi. Nimeshaiandika kwenye daftari jipya, jina lako kamili, kiasi, na tarehe.

Dada yako